Siti Saba na Tela la Kupanda Kitonga

Siku utakayojaza siti zote saba ndiyo siku utakayokosa buti. Muuzaji hatakuonyesha jambo hili, kwa sababu yadini gari husimama tupu, siti za nyuma kabisa zimelazwa, na unachokiona ni uwanja wa kutosha kutandika godoro. Mwambie azisimamishe. Kisha jaribu kuweka nyuma yake begi moja la safari, ndoo ya unga na kreti la soda. Kwa magari mengi ya namna hii, kitakachobaki ni upenyo wa kupitisha mfuko wa sokoni. Ndiyo maana familia inayotaka siti saba, isipokwepa ukweli, itajikuta inahitaji pia tela, au itapakia mizigo juu ya paa mpaka gari liyumbe kila kona.

Mimi niliyajua haya kwenye mlima Kitonga. Mwaka ule tulikuwa tunawamalizia wazazi nyumba kijijini, nje kidogo ya Iringa. Ndani ya gari tulikuwa saba: mume wangu, mimi, mama yangu mzazi na watoto wanne. Nyuma tulifunga tela lenye maboksi ya marumaru, mabegi yetu na cherehani ya mama. Gari lilikuwa safi, tulikuwa tumelinunua miezi minne tu nyuma, na aliyetuuzia alituhakikishia kwamba linavuta chochote. Mpaka Morogoro lilikwenda vizuri. Mikumi likapita vizuri, kwa ule mwendo wa kilomita 50 kwa saa wa ndani ya hifadhi. Tulipoanza kuupanda mlima, taa ya giaboksi ikawaka, gari likaishiwa nguvu, na nyuma yetu ukatokea msururu wa malori yasiyoweza kupita. Tukawashusha watoto, tukawasimamisha upande wa mlimani. Fundi aliyekuja kutoka Ilula alisogeza kiganja karibu na giaboksi akakirudisha upesi. “Mama,” akaniambia kwa upole, “gari halina kosa. Hili ni la kupeleka watoto shule.”

Maneno yake ndiyo yaliyonifundisha kununua gari. Sisi tulikuwa tumehesabu siti, tukahesabu fedha, lakini hatukuhesabu uzito hata mara moja.

Watu na tela hula sahani moja. Kila gari lina uzito wa juu kabisa linaoruhusiwa kuwa nao likiwa limepakiwa; toa uzito wa gari lenyewe, kinachobaki ndicho unachoweza kubeba, na humo wanaingia watu, mafuta ya ziada, mizigo ya paani, na ule uzito ambao pua ya tela huukandamiza kwenye chuma cha kuvutia. Watu wengi husahau huo wa mwisho. Chukua Prado 150 ya dizeli iliyouzwa Australia. Uzito wake wa juu ni kilo 2,990, na gari lenyewe lina kilo 2,300 na ushei. Zinabaki kilo mia sita na kitu. Weka watu wazima saba wa kilo 75, umeshatumia 525. Sasa funga tela la kilo 1,500. Pua ya tela lililopakiwa sawasawa inakandamiza takribani sehemu ya kumi ya uzito wake, yaani kilo 150. Umefika au umepita kikomo, na bado hujaweka hata chupa ya maji. Hapo tunazungumzia moja ya magari yenye nguvu kuliko mengi yaliyoko barabarani kwetu.

Kuna jambo jingine kwenye karatasi za Japani ambalo madalali wengi hawalielezi. Kule, uzito wa jumla unaoandikwa kwa gari dogo la abiria hupatikana kwa kuchukua uzito wa gari na kuongeza kilo 55 kwa kila siti. Basi. Mizigo haimo. Ukitoa uzito mmoja kwenye mwingine katika karatasi za gari la siti saba utapata 385, na 385 hiyo haikuambii springi zina uwezo gani. Watoto wangu walipokuwa wadogo, hesabu ya kilo 55 kwa kichwa ilitutosha kabisa. Leo wawili wamenipita urefu. Ukinunua gari la familia unalinunulia familia ya miaka sita ijayo, kwa hiyo wapime watoto wako kwa miili watakayokuwa nayo, si waliyo nayo sasa.

Upande wa kuvuta, tatizo linafanana. Wajapani wachache huvuta matela, na gari lililotengenezwa kwa soko lao la ndani mara nyingi halina maandishi yoyote ya uzito linaoweza kuvuta. Ukimuuliza muuzaji, atakujibu kwa kifua. Usilipokee jibu hilo. Tafuta kitabu cha gari hilohilo, lenye injini hiyohiyo na giaboksi hiyohiyo, lililouzwa Uingereza, Australia au Afrika Kusini ambako watu huvuta mashua na farasi. Humo utakuta kwamba Prado 150 ya dizeli inaruhusiwa kati ya kilo 2,500 na 3,000 kutegemea soko na mwaka, Pajero ya dizeli hufika 3,000 na zaidi, na Land Rover Discovery 3 na 4 hufika 3,500. Gari dogo la petroli la siti saba lenye giaboksi ya CVT kwa kawaida huishia 1,500 hivi au pungufu. Namba zote hizo ni za tela lenye breki zake. Tela lisilo na breki, na matela mengi yanayochomelewa mitaani kwetu hayana, kikomo chake cha kawaida ni kilo 750, tela na mzigo kwa pamoja. Mifuko kumi ya saruji ni kilo 500. Tela la chuma lenyewe linaweza kuwa na kilo 250. Umefika.

Sasa, gari gani?

Nianze na yale madogo, kwa sababu ndiyo yanayowanasa wengi: Toyota Vanguard, Mitsubishi Outlander, Nissan X-Trail ya siti saba. Bei yake inavutia, hayanywi sana mafuta, na mjini ni mazuri. Ila safu yao ya tatu ni ya watoto wa shule ya msingi, na mengi yanatumia CVT, giaboksi isiyo na gia za hatua, ambayo nguvu yake hupitia kwenye mkanda wa chuma uliobanwa kati ya puli mbili. Mkanda ule na oili yake huchukia joto. Mwendo wa polepole, mlima mrefu na mzigo mkubwa ndivyo vitu vitatu vinavyoipandisha oili hiyo joto, na Kitonga ina vyote. Kama tela lako ni la kubeba mabegi na baiskeli za watoto kwenda Bagamoyo, chukua gari la aina hiyo bila hofu, ukimuuliza fundi habari ya oili ya giaboksi kabla ya kitu kingine. Vanguard ya lita 2.4 muulize pia injini inakula oili kiasi gani. Injini ile inajulikana kwa tabia hiyo. Kama tela ni la marumaru, mahindi au ng’ombe, pita mbele.

Magari yenye chasisi ya chuma inayojitegemea chini ya bodi ndiyo yaliyozaliwa kwa kazi hii, na huku kwetu hiyo maana yake kwanza ni Prado. Nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndiyo wengi watakayoinunua, na kwa sababu Prado mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kuwa magari mawili tofauti kabisa. Soma herufi za mwanzo kwenye namba ya chasisi. TRJ ni petroli ya lita 2.7. GRJ ni petroli ya lita 4.0. KDJ ni dizeli ya lita 3.0, na GDJ ni dizeli ya lita 2.8 iliyoanza mwaka 2015. Ile ya 2.7 ndiyo iliyojaa yadi, na ni injini ngumu isiyo na makuu, lakini nguvu yake ya kuzungusha ni nyutonimita 246, tena mpaka uikanyage ifike karibu mizunguko 4,000 kwa dakika. Dizeli ya 2.8 inatoa 450, na inazitoa kuanzia mizunguko 1,600. Ukiwa peke yako barabara ya Bagamoyo hutaona tofauti kubwa. Ukiwa na watu saba na tela mlimani, ile ya kwanza italia gia ya pili mpaka juu, na ya pili itapanda huku mnazungumza.

Kwa hiyo mtu wa tela anatakiwa kununua dizeli, na mtu wa dizeli anatakiwa kujua magonjwa yake. Ile ya lita 3.0 ina udhaifu wa washa ndogo za shaba zilizo chini ya nozo. Zikichoka, moshi huvuja, oili hugeuka masizi mazito, na masizi hayo huziba chujio la pampu lililo ndani ya sampu. Injini inakufa kwa kukosa oili huku kijiti cha kupimia kinaonyesha oili ipo. Dawa yake ni rahisi ikifanywa mapema: washa mpya, na sampu ifunguliwe chujio liangaliwe. Muulize muuzaji ilifanyika lini. Kama hajui, hesabu kwamba haijafanyika na uipunguze kwenye bei. Ile ya 2.8 iliyotoka Japani ina chujio la masizi kwenye ekzosi, linalohitaji safari ndefu ili lijisafishe, pamoja na tanki la kimiminika cha AdBlue. Gari la foleni za mjini tu, za Mwenge na Tabata, litakusumbua. Kabla hujalipa, hakikisha unajua duka utakalonunua hicho kimiminika, maana mfumo wa namna hiyo kikiisha huweza kukataa kuwasha injini tena.

Kuhusu safu ya tatu, Prado haiko mbele. Ekseli yake ya nyuma ni ya kipande kimoja, sakafu iko juu, na mtu mzima hukaa magoti yakikaribia kidevu. Pajero ina siti ya watu wawili inayozama sakafuni, nayo hutosha vijana, si wazee. Discovery ndiyo iliyotengenezwa na mtu aliyefikiria watu wazima saba: dirisha la pembeni kubwa, paa limenyanyuliwa, mama yangu alikaa humo akauliza kama hiyo kweli ndiyo siti ya nyuma. Naipenda kwa dhati. Hata hivyo siwezi kumshauri mtu anunue Discovery 3 ya dizeli kama hana fundi anayeijua vizuri na fedha ya akiba isiyoguswa, kwa sababu injini ile ya lita 2.7 imewahi kuvunja krenkishafti za wengi, kompresa ya springi za upepo huchoka, na baadhi ya kazi za injini humlazimu fundi kunyanyua bodi yote kutoka kwenye chasisi. Fortuner, ambayo haikuuzwa Japani bali huja kutoka masoko mengine au hununuliwa hapa hapa, ni ndugu wa Hilux, ngumu, spea zake zipo. Siti zake za nyuma hukunjwa zikaning’inia pembeni na kula nafasi ya buti.

Njia bora ya kuamua habari ya siti ni kwenda yadi na watu watakaozikalia. Mpeleke bibi. Mwache apande mwenyewe mpaka safu ya tatu bila kushikwa mkono, akae dakika 20 kiyoyozi kikiwa kimewashwa, kisha umuulize kama upepo unamfikia na kama miguu inamuuma. Angalia kama kila siti ina mkanda wa kupita begani, na pima kwa kiganja umbali kati ya kichwa cha mtoto na kioo cha nyuma. Tela likigongwa kwa nyuma na lori, umbali huo ndio alionao. Mimi sasa huwaweka wadogo safu ya kati, na wakubwa nyuma.

Ukiagiza kutoka Japani, omba karatasi ya mnada, na omba ile yenyewe, si tafsiri ya muuzaji. Alama ya jumla ya 4 au 4.5 ni gari zuri la umri wake, 3.5 lina historia ya kuzungumza. R au RA ni gari lililopata ajali likatengenezwa. Kwa gari la kuvuta tela mimi R huiacha hata kama bei inaniita, maana sijui chasisi ilinyooshwa vipi. Kwenye mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa ikapakwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa, na S ni kutu, namba ikiongezeka kutu inaongezeka. Mkwaruzo mtasameheana. Kutu usiisamehe. Magari ya Hokkaido na mikoa ya theluji hutembea kwenye barabara zilizomwagwa chumvi, na kutu yake huanzia chini, kwenye chasisi na mabomba ya breki, pale pale tela litakaposhikia. Omba picha za chini ya gari. Asiyetaka kukutumia, ameshakujibu.

Linganisha pia kilomita za karatasi ya mnada, za cheti cha kusafirisha gari nje na za dashibodi. Kwa gari lililotoka Uingereza kazi ni nyepesi zaidi: kumbukumbu za ukaguzi wa kila mwaka ziko wazi mtandaoni bila malipo, unaingiza namba ya usajili ya kule na unaona maili za kila mwaka na kasoro zilizoandikwa, zikiwemo za kutu. Gari la kule likiwa na chuma cha kuvutia tela kilichotumika, usikimbie, ila jua kwamba limefanya kazi, na giaboksi yake ikaguliwe hivyo.

Sheria nazo zitakuchagulia kwa sehemu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, hivyo Prado ya zamani utaipata kwa aliyekwisha kuitumia hapo hapo. Tanzania inaruhusu, lakini gari kuukuu hulipiwa ushuru wa ziada kwa umri wake, na injini iliyozidi cc 2,000 inatozwa asilimia 10 ya ushuru wa bidhaa badala ya 5. Piga hesabu kwenye kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato (TRA) kabla ya kuagiza. Na kwa gari la hapa nchini usidanganywe na namba ya usajili. Watu husema “ni namba E hii” kana kwamba wamekwisha kutaja afya yake. Namba inakuambia lilisajiliwa lini Tanzania, haikuambii lilizaliwa lini wala lilivuta nini.

Kwenye majaribio, usikubali kuzunguka mtaa na gari tupu. Mlipe fundi wako aje, muwe watu sita au saba ndani, mtafute mlima. Giaboksi ibadilishe bila kusita wala kugonga. Mshale wa joto usisogee. Simamisha gari mlimani, kisha ondoka taratibu. Rudi, zima, lala chini na tochi, angalia oili inayodondoka kwenye giaboksi na difu, na uivute oili ya giaboksi unusu: ikinuka kuungua, mshukuru muuzaji uondoke. Muulize fundi kama kuna rejeta ndogo ya kupoza oili ya giaboksi. Kama haipo, kuiongeza ni fedha ndogo mno ukilinganisha na giaboksi.

Kuhusu tela lenyewe nitasema machache, lakini usiyapuuze. Liwe na breki kama utapita kilo 750. Chuma cha kuvutia kifungwe kwenye chasisi kwa bolti, kisichomelewe kwenye bampa. Taa zake ziwe na waya na fyuzi zake, zisichunwe kwenye taa za gari. Mnyororo wa usalama uwepo. Mzigo mzito uwe juu ya ekseli, ukielekea mbele kidogo; tela lililolemewa nyuma huanza kupiga mkia, na likishaanza kwenye mteremko, kukanyaga breki kwa nguvu huongeza balaa. Pua yake ipime kwa mizani ya mazao, ya yeyote anayenunua mahindi kijijini. Lizungumzie na kampuni ya bima pia, upate kwa maandishi kwamba gari limekatiwa bima likiwa na tela.

Sisi tuliuza gari lile, tukamweleza aliyelinunua kila kitu, naye analitumia mpaka leo kwa shule na kanisa. Tukanunua Prado ya dizeli yenye miaka mingi zaidi na rangi iliyofifia, na fedha iliyobaki ikaenda kwenye washa za nozo, oili zote, breki na tairi. Mwezi Desemba tunapokwenda Iringa huwa tunasimama Ruaha Mbuyuni, kabla ya mlima. Watoto wanashuka kununua vitunguu. Mimi nazunguka tela, naweka kiganja kwenye kila kitovu cha gurudumu. Kikiwa cha vuguvugu, tunaendelea. Kikiwa cha moto kiasi cha kunitoa mkono, beringi inakufa au breki imeng’ang’ania, na hatuondoki mpaka fundi aje. Kisha mama anapanda kwenye siti yake, safu ya kati dirishani, na tunaanza kupanda kwa gia ya chini, upande wetu, nyuma ya malori.